Bawabu wa Mlango wa Seli: Hotuba juu ya Vipokezi vya Mwili katika Siha na Maradhi



Katika miji na vijiji vya kandokando ya Maziwa Makuu iko desturi moja njema, nayo ni kumjali jirani mgonjwa. Mtu akilala kitandani, jirani huja na uji, huja na pole, na mara nyingine huja na kikaratasi kilichokunjwa, ndani yake mna vidonge vilivyobaki nyumbani kwake. Husema, "Hivi vilinifaa mimi, meza na wewe." Nia yake ni ya huruma, wala hapana awezaye kumlaumu kwa huruma hiyo. Walakini kidonge kile kile kilichoutuliza moyo wa mmoja chaweza kuziba pumzi ya mwingine kabla ya kucha. Mzee mmoja amepona, kijana mmoja amekaribia kufa, na dawa ni ile ile moja.

Jambo hili lawezaje kuwa? Jawabu lake limo katika elimu iliyowachukua mabingwa zaidi ya miaka mia kuipata, nayo ni elimu ya milango ya seli. Mtu aliyeielewa elimu hiyo, hata kwa muhtasari, hataigawa dawa ya moyo kama agawavyo sukari, wala hatakata tamaa mbele ya mgonjwa wa kipindupindu. Usilolijua ni usiku wa giza. Na makusudio ya hotuba hii ni kuwasha taa ndogo katika giza hilo.

MJUMBE ASIYEINGIA NDANI

Mwili wa mwanadamu umejengwa kwa chembe hai ndogo mno zisizoonekana kwa macho matupu, nazo huitwa seli. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta, na utando huo ndio ukuta wake. Seli za moyo, za mapafu, za ini na za ubongo zimo mbalimbali mwilini, lakini yapasa zifanye kazi kwa shauri moja, kama watu wa mji mmoja. Basi huhitaji kupelekeana habari.

Na atazamwe mtu apitaye njiani usiku, mara mbwa mkali akamrukia. Kufumba na kufumbua moyo wake waenda mbio, kifua chapanuka kuvuta pumzi, ngozi yapoteza joto, na ini latoa sukari kuingia katika damu ili misuli ipate nguvu ya kukimbia. Nani aliyezipasha habari sehemu hizo zote kwa pamoja? Ni mjumbe mmoja aitwaye adrenalini, atokaye katika tezi mbili ndogo zilizo juu ya mafigo. Tezi hizo humwaga adrenalini katika damu, na damu huichukua mpaka kila pembe ya mwili.

Lakini iko ajabu yake. Mjumbe huyu hauvuki ukuta wa seli. Hufika mlangoni, akatoa habari yake, akaondoka; na ndani ya nyumba shughuli huanza kana kwamba ameingia na kuamrisha. Sababu ni kwamba ukutani yuko bawabu. Bawabu huyo humpokea mjumbe kwa upande wa nje, na kwa upande wa ndani humwamsha tarishi aliyekaa tayari, ambaye huipeleka amri kwa wenye kazi. Bawabu huyo ndiye aitwaye kipokezi, na tarishi huyo ndiye aitwaye protini G. Kwa hiyo wataalamu huiita jamii nzima ya mabawabu hawa vipokezi viunganavyo na protini G.

JINSI ELIMU HII ILIVYOPATIKANA

Mwaka 1905 mtaalamu wa Cambridge huko Uingereza, John Langley, alitoa rai kwamba seli zina kitu maalumu cha kupokea dawa na habari. Hakukiona kitu hicho. Alikikisia tu kutokana na matendo ya misuli. Kwa miaka mingi baada yake wako wataalamu walioshuku kama vipokezi vipo kweli, au ni jina tu lililobuniwa ili kuficha ujinga.

Mwaka 1948 Mmarekani Raymond Ahlquist, aliyefanya kazi katika jimbo la Georgia, alipima jinsi adrenalini na dawa za jamaa yake zinavyotenda katika moyo, mishipa ya damu na viungo vingine. Akaona kwamba hesabu zake hazipatani ila kwa kukubali kwamba mabawabu wa adrenalini ni wa namna mbili. Akawaita alfa na beta. Makala yake ilikataliwa kwanza na jarida moja, ikachapishwa na jingine, na kwa miaka mingi haikutiliwa maanani. Hata hivyo neno alilolisema lilikuwa kweli, na baadaye ikaonekana kwamba namna ya beta nayo imegawanyika: wale waliojaa zaidi katika moyo, na wale waliojaa zaidi katika njia za hewa za mapafu.

Katika miaka ya 1950 Earl Sutherland alichunguza namna adrenalini iliamrishavyo ini kutoa sukari. Akagundua kwamba ndani ya seli hutengenezwa kitu kidogo kiitwacho AMP ya duara, ambacho husambaa na kuipiga mbiu ndani ya nyumba baada ya mjumbe kubisha nje. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1971. Kisha Martin Rodbell na Alfred Gilman walimfichua tarishi mwenyewe, aliye baina ya bawabu na mpiga mbiu, nao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1994.

Yalibaki maswali juu ya bawabu: sura yake ikoje? Robert Lefkowitz wa Chuo Kikuu cha Duke huko Marekani alimwandama kwa miaka mingi. Mwaka 1986 yeye na wenziwe, akiwamo Brian Kobilka, walipata na kusoma maagizo ya urithi yatumikayo kumjenga bawabu wa adrenalini. Wakaona kwamba protini yake ni kama uzi mrefu uliopitishwa katika utando mara saba, ukiingia na kutoka kama uzi wa mshonaji kofia. Jambo lililowastaajabisha ni kwamba uzi huo ulifanana na ule wa kipokezi cha nuru kilicho ndani ya jicho. Hapo ikabainika kwamba mabawabu hawa ni ukoo mmoja. Mwaka 2011 Kobilka na wenziwe walipata sura ya bawabu akiwa amemshika mjumbe kwa nje na tarishi kwa ndani, katika lahadha ile ile ya kupokezana habari. Mwaka 2012 Lefkowitz na Kobilka walitunukiwa Tuzo ya Nobel.

TARISHI NA SAA YAKE

Yafaa kazi ya tarishi ielezwe kwa utaratibu, kwa kuwa maradhi mengine hutoka hapo. Tarishi akiwa amekaa, ameshika mkononi kitu kiitwacho GDP, na maadamu amekishika yu kimya. Bawabu akipokea habari hujipinda kidogo, na kwa kujipinda huko humfanya tarishi akiache kile alichokishika, ashike kingine kiitwacho GTP. Hapo huinuka, na sehemu yake moja huenda kumwamsha mfanyakazi atengenezaye AMP ya duara. Bawabu mmoja aweza kuamsha matarishi wengi, na kila mfanyakazi aliyeamshwa hutengeneza AMP nyingi. Ndiyo maana tone dogo la adrenalini laweza kuutikisa mwili mzima.

Tena tarishi amepewa saa yake mwenyewe. Ile sehemu iliyoinuka huivunja GTP iliyoishika ikawa GDP tena, na mara ikiisha kuivunja hurudi kukaa. Hahitaji kuambiwa na mtu. Kama si saa hiyo, amri iliyotolewa mara moja ingeendelea kutekelezwa bila ya kikomo, na mtu aliyerukiwa na mbwa jana angalikuwa bado anakwenda mbio moyo leo. Siha, basi, si kupokea amri tu, bali ni kuipokea na kuikomesha kwa wakati wake.

UKOO ULIO MKUBWA

Mwanadamu ana aina za mabawabu hawa zipatazo 800, na karibu nusu yake ni za kunusia. Linda Buck na Richard Axel walizifichua aina za kunusia mwaka 1991, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Harufu ya udi ifukizwayo sebuleni, harufu ya karafuu katika pilau, na harufu ya maziwa yaliyochacha, zote hupitia kwa mabawabu walioko juu kabisa ndani ya pua.

Kikombe cha kahawa nacho kina habari yake. Mtu akikesha, ubongo hukusanya kitu kiitwacho adenosini, ambacho humgusa bawabu wake na kuleta usingizi. Kafeini iliyomo katika kahawa hukaa mahali pa adenosini, lakini haitoi habari yoyote. Yaani imekikalia kiti cha mjumbe na kumzuia asiingie. Usingizi haukuondoka, umezuiwa mlangoni tu, nao hurudi kafeini inapokwisha.

Kipokezi cha nuru kilicho ndani ya jicho kinastahili kutajwa peke yake. Kipokezi hicho, kiitwacho rodopsini, hakifanyi kazi ila kikiwa na kipande kitokanacho na vitamini A. George Wald, aliyeifafanua kazi ya vitamini hiyo katika jicho, alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1967. Mtoto akosaye vitamini A huanza kujikwaa magharibi, wakati nuru inapopungua, hali wenziwe bado waona. Watu wengine hudhani ni uzembe au ni uchawi. Si hili wala si lile. Ni bawabu wa jicho aliyenyimwa chombo chake cha kazi. Maini, mayai, mboga za majani, papai, maembe na viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya machungwa huleta vitamini hiyo, na viazi hivyo hulimwa katika nchi hizi hizi. Wazazi wamwonapo mtoto haoni vyema jioni, na wampeleke kwa tabibu mapema, kwa sababu upungufu ukizidi huweza kuliharibu jicho kabisa.

DAWA MOJA, MILANGO MIWILI

Kiasi cha theluthi moja ya dawa zilizoidhinishwa kutumiwa na wanadamu hutenda kazi kwa mabawabu wa ukoo huu. Mofini ya kutuliza maumivu makali, losartani ya shinikizo la damu, vidonge vya mafua na vya kujikuna ambavyo humletea mtu usingizi, na dawa mpya za sindano za kisukari ambazo pia hupunguza unene, zote hubisha milango hii. Dawa nyingine humwiga mjumbe na kumwamsha bawabu. Nyingine hukaa mahali pa mjumbe na kunyamaza, kama kafeini ifanyavyo.

Sasa na warejee wasikilizaji kwa wale majirani wawili. Mzee ana maumivu ya kifua, moyo wake wafanya kazi kupita nguvu zake. Kwa watu wa namna yake, Mskoti James Black alitengeneza dawa ya propranololi, iliyoanza kutumika katika miaka ya 1960. Alifikiri hivi: ikiwa adrenalini ndiyo iuchapao moyo mijeledi, basi na azuiwe mjumbe mlangoni ili moyo upumzike. Fikira yake ilisibu, watu wasiohesabika wamenufaika nayo, na mwaka 1988 alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel. Dawa hiyo hutumika pia kwa shinikizo la damu, kwa kuumwa kichwa kwa kipandauso na kwa mitetemeko.

Jirani yake ni kijana mwenye pumu. Katika njia zake za hewa wako mabawabu wa beta wa namna ya pili, na kazi yao ni kinyume cha kuuchapa moyo: wakiguswa, misuli izungukayo njia za hewa hulegea na pumzi hupita. Ndio wagusao dawa ya salbutamoli, iliyoanza kuuzwa mwaka 1969, ambayo mgonjwa huivuta kwa mdomo kutoka katika kikopo kidogo. Ama propranololi haibagui baina ya mlango wa moyo na mlango wa mapafu. Huifunga yote miwili. Kijana akilalamika kwamba moyo unamwenda mbio na mzee akampa kidonge chake, kidonge hicho kitaufunga mlango uliokuwa ukimwachia pumzi. Njia za hewa zitajikaza, na hata atakapovuta salbutamoli huenda isimsaidie ipasavyo, kwa kuwa mahali pake pamekwisha kukaliwa. Zipo dawa za baadaye za jamii hiyo zielekeazo zaidi mlango wa moyo, lakini hata hizo si za kumpa mwenye pumu pasipo shauri la tabibu.

Hii ndiyo sababu tabibu huuliza maswali mengi kabla ya kuandika dawa, na mgonjwa asichukizwe na maswali hayo. Aseme kama ana pumu, aseme na kila kidonge anachokimeza, hata alichopewa na shangazi.

Liko na jambo la pili. Bawabu si jiwe. Seli huongeza na kupunguza mabawabu wake kwa kadiri ya habari zinazofika. Mtu anywaye dawa ya kuwafunga mabawabu wa moyo kwa miezi mingi, seli zake huona kwamba habari zimeadimika, nazo huongeza mabawabu ili zisikie vizuri zaidi. Siku mtu huyo akiiacha dawa ghafula kwa kuwa imekwisha au kwa kuwa anajiona amepona, adrenalini yake huwakuta mabawabu wengi walio wazi. Moyo huchapwa kuliko zamani, na kwa mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo yaweza kuwa ndiyo mauti yake. Dawa hizi hupunguzwa kidogo kidogo chini ya uangalizi. Kwa mfungaji wa Ramadhani mwenye maradhi ya moyo, busara ni kumwona tabibu kabla mwezi haujaandama, ili dawa yake ipangwe wakati wa kufuturu na wa daku ikiwa hali yaruhusu. Na ikiwa hairuhusu, mgonjwa ana ruhusa yake inayojulikana, wala asijitie katika hatari.

Jambo la tatu ni la wenye pumu. Bawabu aguswaye mno huchoka. Seli humtia alama, huleta protini ya kumzuia asimwamshe tarishi, kisha humwondoa ukutani na kumweka ndani. Kwa hiyo aivutaye salbutamoli mara nyingi kila siku hujikuta aihitaji zaidi na yamsaidia kidogo zaidi. Tena salbutamoli hulegeza misuli tu. Haiuzimi uvimbe ulio ndani ya njia za hewa, ambao ndio asili ya maradhi. Mwaka 2019 jopo la kimataifa liongozalo tiba ya pumu, GINA, lilitangaza kwamba halishauri tena watu wazima na vijana kutibiwa kwa dawa ya namna hiyo peke yake, bali wapate na dawa ya kuvuta izimayo uvimbe. Mtu ambaye kikopo chake kinakwisha upesi ana ishara ya kurudi kwa tabibu, si ya kununua kikopo cha pili na kunyamaza.

SUMU IVUNJAYO SAA

Mpaka hapa maradhi yaliyotajwa ni ya mlangoni. Yako na maradhi yampitayo bawabu na kumwendea tarishi mwenyewe, na hayo watu wa nchi hizi wanayajua kwa msiba.

Mwezi wa Julai 1994 watu kati ya 500,000 na 800,000 waliokimbia kutoka Rwanda waliingia Goma na mitaa yake katika muda wa siku chache. Maji safi hayakuwatosha, wakayateka ya Ziwa Kivu. Kipindupindu kikawaingia, kikafuatwa na kuhara damu. Katika mwezi wa kwanza watu wapatao 50,000 walikufa. Ardhi ya huko ni mawe ya volkano, na jembe halikuweza kuchimba makaburi ya kutosha; maiti walilazwa kandokando ya barabara wakiwa wamefunikwa mikeka. Wako hai hata leo wazee waliozika watoto wao katika siku zile.

Ni kitu gani hasa kilichowaua? Mdudu wa kipindupindu hali nyama ya utumbo, wala haingii katika damu. Mwaka 1959 tabibu Sambhu Nath De, katika mji wa Calcutta huko India, alionyesha kwamba mdudu huyo hutoa sumu, na sumu hiyo ndiyo imwagishayo maji. Baadaye ikajulikana vipi. Sumu huingia ndani ya seli za utumbo, humwendea tarishi, na kumbandika kitu mahali pale pale penye saa yake. Tarishi huyo aliyeinuka hawezi tena kuivunja GTP. Hawezi kukaa. Amri iliyokuwa idumu kwa nukta chache sasa haina mwisho. AMP ya duara hujaa, milango ya chumvi hufunguka kuelekea ndani ya utumbo, na maji huifuata chumvi. Mtu mzima aweza kupoteza lita moja ya maji kwa saa moja. Macho huzama, sauti hukauka, ngozi ya vidole hukunjamana, na mtu aliyeswali alfajiri akiwa mzima aweza kuzikwa kabla ya magharibi.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Lakini maji ya mgonjwa wa kipindupindu huzoleka, na hapa ndipo elimu ya milango ilipookoa watu wengi. Katika utumbo ule ule uko mlango mwingine, wa ukoo tofauti, ambao sumu haiugusi. Mlango huo huingiza glukosi pamoja na sodiamu ya chumvi, zote mbili kwa pamoja, na maji huzifuata. Robert Crane aliueleza mwaka 1960. Mtu akinywa maji peke yake, hayaingii ya kutosha. Akinywa maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo, huingia hata hali kuhara kunaendelea.

Mwaka 1971, wakati wakimbizi wa nchi iliyokuja kuwa Bangladesh walipofurika mpakani mwa India, tabibu Dilip Mahalanabis alikuwa akiwatibu huko Bongaon. Maji ya kutia mshipani yalimwishia. Akachanganya chumvi na sukari, akawapa jamaa za wagonjwa wawanyweshe wenyewe kwa vikombe. Kati ya wagonjwa 100 walikuwa wakifa kama 30; baada ya hapo wakawa wanakufa chini ya 4. Hakuwa na dawa ya kumponya tarishi. Alitumia mlango wa pili, na akina mama na akina baba ndio waliokuwa wauguzi wake.

Basi kila nyumba na iwe na pakiti za chumvichumvi za kuzuia upungufu wa maji, zipatikanazo katika zahanati na maduka ya dawa. Ikiwa hazipo, kipimo ni hiki: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vya chai sita vya sukari vilivyosawazishwa juu, na nusu ya kijiko cha chai cha chumvi, nayo isawazishwe. Chumvi isizidi, maana ikizidi hudhuru, hasa kwa watoto. Mgonjwa anyweshwe kidogo kidogo bila ya kuacha, hata akitapika angojewe kidogo kisha aendelee. Mtoto mchanga asikatizwe maziwa ya mama. Na hayo yote yafanywe njiani kwenda kwa tabibu, si badala ya kwenda, kwa sababu aliyelegea asiweze kunywa huhitaji maji ya mshipani.

KHATIMA

Yaliyosemwa yakusanyika katika neno moja. Mwili huishi kwa habari, na habari hupita mlangoni. Dawa haiujui ugonjwa wala haimjui mtu. Huujua mlango, na mlango ule ule uko katika moyo wa huyu na katika kifua cha yule. Tofauti baina ya dawa na sumu mara nyingi si kidonge chenyewe, bali ni ujuzi wa ni nani akimezaye, ana maradhi gani, na kwa muda gani.

Kwa hiyo jirani na aendelee kuja na uji, na pole, na kukaa kitandani kwa mgonjwa usiku kucha, na kumchukua kwa tabibu kukikucha. Na aje na maji ya chumvi na sukari palipo na kuhara, maana hayo hata mtoto wa skuli aweza kuyachanganya yakaokoa roho. Ama vidonge vya moyo, na vibaki nyumbani kwa mwenyewe, juu ya kabati, mahali wasipofika watoto.